Bahari Haitoshi: Tezi ya Shingo na Mama Mjamzito wa Mwambao wa Tanga

 

Nimeombwa nizungumzie, hapa Tongoni, uangalizi wa tezi ya shingo wakati wa ujauzito. Naanza na dhana niliyoisikia sana katika mwambao huu, tena hata kwa watu waliosoma: kwamba rovu, au goita kama wanavyoliita hospitalini, ni maradhi ya watu wa milimani. Mtu wa pwani, wanasema, anakula samaki, anaoga maji ya chumvi, anavuta upepo wa bahari. Madini joto, ambayo kukosekana kwake ndiko huleta rovu, atayakosaje? Dhana hii haikuzuka bure. Ni kweli kwamba milimani mvua za maelfu ya miaka zimeyaosha madini joto kutoka kwenye udongo na kuyateremsha baharini, na mazao yanayoota huko huwa nayo kidogo mno. Ndiyo maana, miaka ya 1980, wilaya zilizoonekana kuathirika zaidi nchini zilikuwa za bara na za nyanda za juu. Lakini kutoka hapo kusema kwamba kila aliye karibu na bahari amesalimika ni kosa, na anayelipia kosa hilo ni mtoto aliye tumboni.

Tazameni ng'ambo ya mkondo wetu huu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Vincent Assey na wenzake juu ya watoto wa shule wa Unguja na Pemba. Kama kuna watu wa bahari Afrika Mashariki, basi Wapemba ndio wenyewe: wavuvi kwa kuzaliwa, na kisiwa kimezungukwa na maji pande zote. Watafiti walipopapasa shingo za watoto, Unguja walikuta rovu kwa asilimia 21.3, na Pemba asilimia 32. Walipopima mkojo, ambao ndio unaoonyesha madini joto aliyoyapata mtu siku za karibuni, kipimo cha kati cha Unguja kilikuwa maikrogramu 185.7 kwa lita, na cha Pemba 53.4. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kinatosha kwa watoto wa shule huanzia 100. Kisha wakatazama chumvi za majumbani. Unguja, kaya 63.5 katika kila mia zilikuwa na chumvi yenye madini joto. Pemba ilikuwa kaya 1 katika mia. Bahari ni ile ile, samaki ni wale wale. Kilichotofautiana ni chumvi ya jikoni. Na msishangae kwamba Unguja nako shingo zilikuwa bado zimevimba ingawa mkojo ulikuwa mzuri. Rovu huchukua miaka kunywea hata baada ya chakula kurekebishwa.

Sasa mtaniuliza: chumvi yetu si imetoka baharini? Mashamba ya chumvi yako hapa hapa mwambaoni. Maji yanaingia na bamvua, yanazuiwa, jua linayakausha, watu wanachota chumvi. Madini joto yaliyokuwa kwenye maji yamekwenda wapi?

Tufanye hesabu pamoja. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na madini joto yake ni kama maikrogramu 60 tu. Ili upate kilo moja ya chumvi unahitaji kukausha lita 30 hivi za maji. Hata kama madini joto yote yangebaki ndani ya chumvi, kilo hiyo ingekuwa na miligramu 1.8 peke yake. Mama anayekula gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, angepata humo maikrogramu 9. Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito anahitaji maikrogramu 250 kila siku. Na hiyo 9 yenyewe haifikiwi, kwa sababu sehemu kubwa ya madini joto hurukia hewani au hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa baada ya chumvi kuganda. Chumvi ya bahari isiyoongezwa kitu ni nyeupe, ni safi, ina ladha nzuri, na kwa habari ya tezi ya shingo ni kama haina kitu.

Samaki wanasaidia, sikatai. Lakini kiasi cha madini joto hutofautiana sana kutoka samaki hadi samaki, na sote tunajua jinsi mambo yalivyo ufukweni: changu mzuri na pweza mkubwa hupanda gari kwenda mjini, nyumbani kunabaki kidogo cha kuonjea ugali. Mwani nao, ambao kina mama wa Tanga na Zanzibar wanaulima kwa jasho kubwa, husafirishwa nje karibu wote, hauingii chunguni. Wala sishauri mjamzito aanze kula mwani kama dawa, maana kiasi cha madini joto ndani yake hakitabiriki, na kuzidisha nako kunaivuruga tezi ile ile.

Nimetaja maikrogramu mpaka mmezoea, lakini hebu tuone ni kiasi gani kwa kweli. Ukijumlisha mahitaji ya mjamzito kwa siku zote za mimba, hupati zaidi ya miligramu 70. Kidonge kimoja cha panado kina miligramu 500 za dawa. Basi madini joto ya mimba nzima ni kama sehemu moja ya saba ya kidonge kimoja cha panado, na kukosekana kwa kiasi hicho kidogo kunatosha kupunguza akili ya mtu kwa maisha yake yote. Mahali hapa penyewe pana historia ya jambo la namna hii. Januari 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka Bara Hindi, aliiteketeza kwa moto meli yake moja, São Rafael, karibu na ghuba hii ya Mtangata, kwa sababu mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa na hakubaki na watu wa kutosha kuendesha meli tatu. Kilichowaua ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kitu ambacho mtu anahitaji miligramu chache tu kwa siku. Walikufa matumbo yao hayana njaa.

Tezi yenyewe ni ndogo. Imekaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kuyanyakua madini joto kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni, kubwa yao ikiitwa thairoksini, ambayo huamua mwili uende mbio kiasi gani: moyo, joto, tumbo, akili, hedhi. Tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, pituitari, ndiyo msimamizi. Ikiona thairoksini imepungua, hupeleka homoni ya TSH kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi zaidi. Ndiyo maana kipimo kikuu cha maabara ni TSH: ikiwa juu, tezi imezembea, ikiwa chini mno, tezi imepitiliza. Na rovu ni tezi iliyohimizwa muda mrefu bila kupewa malighafi, ikavimba kwa kujitahidi.

Mwanamke akishika mimba, mzigo wa tezi hii hupanda ghafla. Mwili wake unahitaji thairoksini zaidi, kufikia karibu nusu tena ya ile ya kawaida. Figo zake zinamwaga madini joto mengi zaidi kwenye mkojo. Na mtoto naye anadai fungu lake. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Tezi ya mtoto huanza kukusanya madini joto kwenye wiki ya 10 hadi ya 12, na haitengenezi homoni ya maana mpaka karibu wiki ya 18 hadi ya 20. Kabla ya hapo homoni yote anayoitumia ni ya mama yake. Na wiki hizo ndizo ambazo ubongo unajengwa misingi yake. Mama akipungukiwa wakati huo, hakuna namna ya kurudi nyuma kulipa deni.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa jambo hili ulitoka Papua New Guinea. Kuanzia mwaka 1966, madaktari waliwachoma wanawake wa vijiji vya milimani sindano ya mafuta yenye madini joto, na wengine wakachomwa sindano ya maji ya chumvi ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Katika watoto waliozaliwa na mama wasiopata madini joto, 26 walikuwa na ulemavu mzito wa akili, kusikia na kutembea unaotokana na upungufu huo. Katika wale ambao mama zao walipata, walikuwa 7. Na katika hao 7, mama 6 walikuwa tayari ni wajawazito siku walipochomwa sindano. Dawa ilikuwa ile ile. Iliwafikia wakiwa wamekwisha chelewa.

Nimeieleza habari hiyo kwa sababu inagusa desturi yetu. Pwani, mimba changa hufichwa. Mwanamke hujitanda khanga vizuri, hukaa kimya, na mama mkwe akijua hunyamaza pia, mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Wanaogopa jicho, wanaogopa maneno, wanaogopa kutangaza kitu ambacho huenda kisidumu. Siidharau hofu hiyo. Mimba za miezi ya mwanzo huharibika nyingi, na mwanamke ana haki ya kutotaka majirani wamhesabie. Ninachoomba ni kwamba muuguzi mkunga wa kliniki asihesabiwe kuwa jirani. Afiche kwa mtaa mzima, aende kliniki mwezi wa pili. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12 kwisha, lakini wengi wetu tunafika kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, wakati mtoto ameshaanza kutumia tezi yake mwenyewe na ile miezi ya kumtegemea mama imeshapita.

Huko kliniki mama atapimwa wingi wa damu, kaswende, VVU, malaria, mkojo na shinikizo la damu. TSH haimo katika vipimo ambavyo kila mjamzito hupimwa, na zahanati ya kijiji haina mashine ya homoni. Basi mama mwenye tezi yenye matatizo atajulikanaje? Atajulikana akisema, na akiulizwa. Mama zangu, mwambieni muuguzi kama mmewahi kutibiwa tezi au kupasuliwa shingo. Kama nyumbani kwenu kuna mama au dada mwenye rovu au anayekunywa vidonge vya tezi. Kama mimba zimeharibika mara kwa mara au mlitafuta mtoto kwa muda mrefu. Kama mna kisukari kilichoanza utotoni na mnachoma insulini. Yeyote kati ya hao anastahili kuandikiwa rufaa akapimwe TSH kwenye hospitali yenye maabara, na kwa sisi wa Tongoni hiyo ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kuna pia uchunguzi wa nyumbani usiohitaji fedha. Mama asimame mwangani mbele ya kioo, ameshika glasi ya maji. Ainue kidevu kidogo, apige funda moja, ameze huku akitazama sehemu ya chini ya kikoromeo. Tezi hupanda na kushuka na mmezo. Kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka pamoja nao, upande mmoja au pande zote mbili, huo ni wa tezi, na muuguzi auone. Uvimbe usiocheza na mmezo una sababu nyingine, nao pia uonyeshwe.

Dalili nyingine zinapotosha, na hapo ndipo mama wengi hupotea. Tezi iliyozembea huleta uchovu, usingizi, choo kigumu, kunenepa, ngozi kavu, kuhisi baridi. Sasa mjamzito gani hachoki? Shoga zake watamwambia ni mimba, muuguzi atafikiri ni upungufu wa damu, na mara nyingi watakuwa wamepatia. Lakini mama ambaye damu yake ni nzuri, halafu anatetemeka kwa baridi hapa Tongoni mwezi wa Februari, huyo si wa kuambiwa avumilie. Tezi iliyopitiliza hufanya kinyume: moyo unakwenda mbio hata akiwa amelala, mikono inatetemeka, anatoka jasho, anakula vizuri na bado anakonda, pengine macho yanatokeza. Kutapika kupita kiasi nako kunaweza kuambatana na TSH iliyoshuka, kwa sababu homoni ya mimba yenyewe huichokoza tezi miezi ya mwanzo. Hali hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe, na daktari anatakiwa kuitofautisha na ugonjwa wa kweli kabla ya kuandika dawa. Pande zote mbili, zikiachwa bila tiba, huongeza hatari ya mimba kuharibika, kifafa cha mimba, na mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo.

Nataka nikae zaidi kwa mama ambaye anajua tayari kuwa tezi yake imezembea na anakunywa levothairoksini. Kuna ushauri unaopita mitaani kwamba akishika mimba aache vidonge vyote ili asimdhuru mtoto. Nasema kwa sauti: huyu asiache. Dawa hii ni homoni ile ile ambayo tezi yake ingeitengeneza, na mtoto anaihitaji kuliko wakati wowote. Kinachotakiwa ni kuongeza. Kanuni inayotumiwa na madaktari ni kupandisha kipimo kwa robo hivi mara mimba inapojulikana, na namna moja rahisi ni kunywa vidonge viwili zaidi kwa wiki, yaani 9 badala ya 7. Azungumze na daktari wake mapema, hata kabla ya kushika mimba, ili ajue la kufanya siku hedhi itakapokosekana. Kisha TSH ipimwe kila baada ya wiki 4 mpaka nusu ya mimba, na angalau mara moja tena karibu wiki ya 30. Shabaha ya wengi ni TSH isiyozidi 2.5.

Na hapa pana jambo dogo linaloharibu kazi yote. Kliniki humpa kila mjamzito vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Ni vizuri sana, vinywewe. Lakini chuma kikikutana na levothairoksini tumboni huishika, na dawa inapita bila kuingia mwilini. Vidonge vya chokaa vya kuimarisha mifupa hufanya vile vile. Mama atakunywa dawa kwa uaminifu kila siku na TSH yake itaendelea kupanda, daktari ataongeza kipimo, na hakuna atakayeelewa kwa nini. Tiba yake ni saa tu. Levothairoksini inywewe alfajiri kwa maji matupu, chai isubiri nusu saa au zaidi. Kidonge cha damu kikae jioni na chakula. Kati ya kimoja na kingine zipite saa 4. Mwezi wa Ramadhani, kwa mama anayefunga, mpangilio huo hubadilika, kwa hiyo aende kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Kwa tezi iliyopitiliza mambo ni mazito zaidi na hayafai kuamuliwa dukani. Kabimazoli, ambayo ndiyo wengi wanaijua, inaweza kuleta kasoro kwa mtoto ikitumiwa wiki za kwanza za mimba, na madaktari huipendelea propilthiourasili katika kipindi hicho. Mwanamke anayeitumia na anayetarajia kupata mtoto aseme mapema ili abadilishiwe kwa wakati. Tiba ya madini joto yenye mionzi haitolewi kabisa kwa mjamzito.

Wengine wananiuliza, kwa nini basi serikali isimpime TSH kila mjamzito yamalizike? Swali ni zuri, na wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 1999 James Haddow na wenzake huko Marekani waliwachunguza watoto wa mama ambao tezi zao zilikuwa zimezembea wakati wa ujauzito, na wale ambao mama zao hawakutibiwa walikuwa nyuma ya wenzao kwa pointi 7 katika kipimo cha akili. Ilionekana njia ni nyeupe. Lakini mwaka 2012 John Lazarus na wenzake walitoa matokeo ya jaribio kubwa la wajawazito wa Uingereza na Italia: kuwapima na kuwatibu hakukubadilisha akili za watoto walipofika miaka 3. Huenda tiba ilianza kwa kuchelewa, kwani wengi walipimwa karibu na wiki ya 12 na zaidi. Huenda pia waliokutwa walikuwa na upungufu mdogo usiodhuru. Kwa maoni yangu, katika mkoa wetu shilingi ya kwanza iende kwenye chumvi, ya pili kwenye kuwapima bila kuchelewa wale wenye sababu. Kumpima kila mtu mwezi wa tano hakutamfaa mtoto.

Chumvi basi. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ndiyo iliyosimamia vita hivi. Kwanza waligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990. Kanuni za kutaka chumvi yote ya kuliwa iongezwe madini joto zilitungwa mwaka 1994 na kuanza kusimamiwa mwaka uliofuata. Kati ya watoto wa shule, rovu lilishuka kutoka asilimia 25 miaka ya 1980 hadi takribani 7 mwaka 2004. Yafaa tujivunie. Uchunguzi huo wa 2004 ulionyesha pia kwamba mgawanyo haukuwa sawa: wako watoto waliokuwa wakipata kidogo mno, na wako waliokuwa wamezidishiwa, kwa sababu chumvi ikinyunyiziwa kwa mkono bila kuchanganywa vizuri, gunia moja lina vipimo vitatu tofauti.

Kuhusu vile vidonge vya mafuta, mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero waliandika kwamba watoto wa Kitanzania ambao mama zao walivipata kabla au mwanzoni mwa mimba walisoma kati ya theluthi na nusu ya mwaka zaidi ya wenzao, hasa wasichana. Habari hiyo imenukuliwa kila mahali. Ni haki niseme kwamba watafiti wengine waliporudia hesabu zile baadaye hawakupata matokeo imara vile. Sihitaji takwimu hiyo ili niwashawishi. Ile ya Papua New Guinea inanitosha.

Tatizo letu mwambaoni ni kwamba chumvi isiyo na madini joto iko mlangoni, tena ni rahisi. Chumvi ya mawe ya kutilia ng'onda hununuliwa kwa gunia, na gunia likiwa uani mkono wa mpishi hauendi dukani. Hiyo ya ng'onda iendelee na ng'onda. Ya chunguni iwe ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ikae kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na moto na jua, maana unyevu na joto huyapeperusha. Isioshwe kabla ya kutumiwa. Na itiwe mchuzi unapokaribia kuiva. Ukitaka kuhakikisha, kuna chupa ndogo ya kupimia ambayo maofisa lishe huwa nayo: unatandaza chumvi kijiko kimoja kwenye sahani, unadondosha tone moja, na palipodondoka pakigeuka zambarau ya bluu, madini joto yamo. Pakibaki peupe, hayamo. Nimeona kina mama wakilizunguka tone hilo kwa shauku kubwa kuliko hotuba yoyote. Maofisa wetu wakienda nalo kwenye mashamba ya chumvi, na wazalishaji wadogo wakapatiwa pampu ya kunyunyizia na potasiamu ayodeti kwa bei wanayoiweza, chumvi ya mwambao huu inaweza kuwafaa watoto wa mwambao huu.

Mama aliyeambiwa apunguze chumvi kwa sababu ya presha asiongeze hata chembe kwa ajili ya haya niliyosema. Hiyo kidogo anayoila ndiyo iwe na madini joto, na kama ni kidogo mno amuulize daktari kuhusu vidonge.

Neno moja juu ya muhogo, kwani bada tunaila na makopa tunayo. Muhogo, hasa mchungu, una sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi isinyakue madini joto. Kwa mtu mwenye madini joto ya kutosha na muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri, hakuna la kuogopa. Hatari iko pale viwili vinapokutana: chumvi tupu, na muhogo mchungu uliokaushwa kwa haraka kwa sababu ya njaa.

Baada ya kujifungua, mama anayekunywa levothairoksini hurudi kwenye kipimo chake cha kabla ya mimba, na TSH ipimwe tena wiki ya 6. Kunyonyesha akiwa kwenye dawa hiyo ni salama, na mahitaji yake ya madini joto yanabaki 250 kwa siku kwa sababu mtoto anayapata kwenye maziwa. Katika mwaka wa kwanza wa uzazi, tezi za kina mama wachache, kama 5 katika mia, huvurugika: kwanza moyo mbio na wasiwasi, kisha uchovu mzito na huzuni. Mama wa namna hiyo huambiwa ana uvivu, au amerogwa, au hampendi mtoto. Kabla ya kumhukumu, apimwe.

Na mtoto. Katika kila watoto 2,000 hadi 4,000, mmoja huzaliwa na tezi isiyofanya kazi, hata kama mama hakupungukiwa na chochote. Nchi nyingi humtoboa kila mtoto kisigino siku chache baada ya kuzaliwa na kupima tone la damu. Huku kwetu kipimo hicho hakifanywi kwa kila mtoto, kwa hiyo macho ya bibi na ya mkunga ndiyo kipimo. Mtoto ambaye manjano ya macho yamepita wiki mbili bila kuisha, anayelala tu na kunyonya kwa uvivu, mwenye choo kigumu, kitovu kilichotokeza, ulimi mkubwa na kilio kizito cha kukwaruza, msimwambie mama yake kwamba amepata mtoto mpole asiyesumbua. Apelekwe Bombo wiki hiyo hiyo. Tiba yake ni kidonge kilichosagwa, kikachanganywa na maziwa ya mama kidogo na kunyweshwa kwa kijiko kila asubuhi, na akianzishiwa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida atakua na atasoma sawa na wenzake.